Wasikilizaji Wangu wa Masama

Mimi ni fundi cherehani wa Moshi mjini, na kwa miezi michache nilikuwa pia msanii wa kimataifa. Cheo hicho cha pili nilijipa mwenyewe, na hakuna aliyekuja kuninyang'anya isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ananisaidia.

Nilianza kuimba nikiwa binti, kwaya ya kanisani. Nikaondolewa kwa upole, kwa sababu sauti yangu ilikuwa ikitangulia za wenzangu na ikishatangulia haikukubali kurudi. Mwalimu wa kwaya alisema nina kipaji cha kuimba peke yangu. Maneno hayo niliyabeba kama sifa kwa miaka mingi, mpaka mume wangu aliponieleza kwamba huenda mwalimu alimaanisha nikaimbe peke yangu, mbali.

Mume wangu ni mpishi wa wapanda mlima. Anapanda na wageni, anawapikia supu na chapati za maji kule kwenye mahema, kisha anashuka amekonda, ngozi ya pua imebabuka, nguo zote zinanuka vitunguu. Ndiyo maisha yetu, na ndiyo niliyoyatungia wimbo. Niliutunga kwenye cherehani, mguu ukipiga pedeli, maana pedeli ina mdundo wake. Kiitikio kilisema, "Shuka taratibu, baba, chai iko mezani." Wateja walipoanza kukiimba bila kujijua wakati ninawapima viuno, nikaamini kwamba dunia inanisubiri.

Studio niliyoiendea ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mwenye studio tulikuwa rika moja. Ujanani nilikuwa nikinunua kwake kanda alizorekodi kutoka kanda nyingine. Kanda zilipokufa akachoma sidii. Sidii zilipokufa akakaa kibandani anawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Sasa alikuwa prodyuza. Alikuwa amezika kila kitu kilichowahi kumlisha, na bado alikuwa na uso wa mtu mwenye matumaini.

Tulirekodi siku moja nzima. Kila pikipiki ilipowashwa pale dukani kujaribiwa, tulisimama, ikizimwa tunaendelea. Tulipomaliza akanipa chai, akanieleza biashara ilivyo siku hizi.

"Dada, zamani mtu akinunua kanda yako, hata asipoisikiliza, hela umeshaipata. Sasa hivi hanunui mtu. Wanasikiliza tu mtandaoni, na kila wakisikiliza unapata punje."

"Punje ya nini?"

"Ya hela. Ndogo. Lakini punje nyingi ni debe."

Akaendelea kunifafanulia, na ninakumbuka alifafanua vizuri. Hela za wasikilizaji wote zinatiwa kwenye chungu kimoja. Wenye mtandao wanachota kwanza. Kinachobaki wanagawana wanamuziki wa dunia nzima, kila mmoja kwa kadiri alivyosikilizwa. Fungu langu likifika, kampuni ya kusambaza nyimbo inachota chake, halafu yeye na mimi tunagawana masalio.

"Kwa hiyo mtu akinisikiliza mimi tu mwezi mzima, hela yake si yangu?"

"Inaingia chunguni na za wengine. Anayesikilizwa na dunia ndiye anayekula."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebaki kwenye lile debe.

Wimbo ukapandishwa mtandaoni. Prodyuza akaniwekea kwenye simu ukurasa unaoonyesha ni watu wangapi wamesikiliza na wako wapi, na kuanzia hapo kazi yangu ya ushonaji ikaingia mashakani. Nilikuwa nikishona mshono mmoja, naangalia. Nakata uzi, naangalia. Niliona wasikilizaji wa Moshi, wa Arusha, wa Dar es Salaam, na mmoja wa Finland. Huyo wa Finland alinikosesha usingizi. Nilimwaza amekaa kwenye baridi yake, sauti yangu inampasha moto. Nilifikiria hata kumtungia ubeti. Mume wangu aliposhuka mlimani nikamweleza, naye akasema, "Ah, huyo si yule mgeni wangu mrefu? Nilimwekea mwenyewe kwenye simu yake, maana alipenda supu."

Malipo ya kwanza yalichelewa, kwa sababu mpaka fungu lifikie kiwango fulani hawakutumii. Yalipoingia nilinunua vifungo na bando la intaneti la kuangalia kama mengine yameingia.

Jumamosi moja nikapanda Masama kumsalimia mama mkwe. Ni mjane, anaishi kwenye kihamba cha familia na ng'ombe wake na migomba na kahawa, na ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa pale kijijini. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuwa mwimbaji."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye habari ya chungu na wachotaji, alicheka kidogo. "Hiyo ni kahawa," alisema. "Unapeleka, wanapima, bei anapanga mtu asiyekujua, halafu unakaa kusubiri malipo ya pili. Sasa wewe shamba lako liko wapi?"

"Halipo, mama. Mimi kila mtu akisikiliza napata kidogo."

"Hata mtu mmoja akirudia?"

"Hata akirudia."

Hakusema kitu tena. Akaendelea kukata majani. Nimeolewa katika familia ile miaka mingi, nilipaswa kujua kwamba yule mama akinyamaza kuna jambo linapangwa.

Wiki iliyofuata mstari wa idadi ya wasikilizaji pale kwenye ukurasa wangu, uliokuwa umelala kama nyoka aliyeshiba, ukasimama. Prodyuza akanipigia simu. "Dada, umefanya nini? Umepeleka wimbo redioni?" Nikamwambia sijafanya kitu, ni kipaji. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Nilipopanda tena Masama ndipo nilipokiona kipaji changu. Kilikuwa kimepangwa kwenye dirisha la jikoni, simu kando ya simu, nyingine zimefungwa mpira kushikilia betri. Nyingine ilikuwa kwenye banda la ng'ombe, imening'inizwa kwenye msumari. Mama mkwe alikuwa amewaambia akina mama wote wa kikundi kwamba mkwe wao analipwa kwa kusikilizwa, na kila mmoja alikuwa anawasha wimbo kwenye simu yake pale asubuhi akienda kutafuta majani na kuuacha unazunguka mpaka jioni. Bando walikuwa wananunua kwa mchango.

"Mbona hazitoi sauti?" nikauliza.

"Sauti inakula chaji," alijibu.

Mtu mwenye akili angewashukuru, akawaomba wazime. Mimi nilirudi mjini nikakusanya simu zote za zamani nyumbani, hadi ile yenye kioo kilichopasuka ambayo watoto waliikataa, nikazipanga chini ya meza ya kukatia nguo nazo ziimbe kimyakimya. Nikampigia mdogo wangu, anayeuza mitumba kule Holili mpakani, nikamwomba awashe na yeye, na kama ana rafiki upande wa Kenya awashe pia, ili nisikilizwe nchi mbili. Nikanunua miwani ya jua. Nikaanza kuivaa ndani ya nyumba.

Mambo yalipokuwa yamenoga hivyo, redio moja ya mjini ikanialika kwenye kipindi cha mchana. Hawakunilipa na mimi sikuuliza. Wasanii wakubwa hawaulizi. Mtangazaji akataka kujua siri ya mafanikio yangu. Nikamweleza kwamba msanii lazima awe karibu na mashabiki. Nikasema mashabiki wangu wa Masama wananisikiliza tangu jogoo la kwanza, hawachoki, na kwamba wasanii wa Dar waje wajifunze. Mume wangu alikuwa mlimani siku hiyo, mtandao haukufika, na hadi leo namshukuru Mungu kwa hilo.

Siku chache baadaye, mteja mmoja alikuja kuchukua gauni, akaniomba nimwonyeshe ule wimbo niliousema redioni. Nikavua miwani ili nione vizuri. Nikatafuta jina langu. Halikuwepo. Nikatafuta jina la wimbo, nikaletewa nyimbo za watu wengine kuhusu chai. Nikamwambia mteja mtandao unasumbua, nikampunguzia bei ya gauni kwa aibu, nikafunga ofisi kabla ya saa ya kufunga, nikaenda studio.

Prodyuza alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, ameshika tama. Kampuni ya kusambaza nyimbo ilikuwa imemwandikia. Alinisomea polepole, akitafsiri. Walisema wameona usikilizaji usio wa kawaida. Wimbo umeondolewa kila mahali na malipo yamezuiwa.

"Usio wa kawaida vipi?"

"Wanasema hawa wasikilizaji wako si watu, dada. Ni mashine. Wanasema kuna watu wananunua usikilizaji wa uongo ili wachote chunguni zaidi ya wenzao, na wewe wamekuweka kundi hilo."

"Si mashine. Ni mama mkwe wangu."

Nikamweleza yote, kuanzia dirisha la jikoni hadi Holili. Alijitahidi kukasirika, maana fungu lake nalo lilikuwa limezuiwa, lakini nilipofika kwenye ile simu ya bandani akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Alipojikaza akasema, "Sasa nitawaandikia nini hawa? Kwamba ni ng'ombe?"

Aliwaandikia hata hivyo. Alijieleza vizuri, alisema ni ndugu na majirani. Wakajibu kwamba wamepokea maelezo na uamuzi ni uleule. Jibu lenyewe lilikuja upesi mno, prodyuza akahisi hata hilo limeandikwa na mashine. Wale wenye uwezo wa kuwa na mawakili, alisema, wangebishana nao. Sisi tulikuwa na trei za mayai.

Nilibaki na kazi ya kumweleza mama mkwe. Nilinunua mkate na sukari, nikapanda Masama na moyo mzito. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu nami nikaanza kumenya, maana habari mbaya ni rahisi kuitoa mikono ikiwa na kazi.

"Mama, wimbo umefutwa."

"Amefuta nani?"

"Wenye mtandao. Wanasema waliokuwa wanasikiliza si watu."

Kisu chake kikasimama. Ninamjua yule mama kama mtu asiyepandisha sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. "Sisi si watu?"

"Wanasema mtu hawezi kusikiliza wimbo mmoja kutwa nzima, siku zote, bila kuzima."

Alifikiri. Ng'ombe alilia kule bandani, akamwacha alie. "Hapo wana haki," alisema. "Hata mimi sikuusikiliza."

"Kabisa, mama?"

"Nilikuwa nimefunga sauti, mwanangu. Ile ya mwanzo niliisikia, ya chai. Kisha tukafunga."

Sijui kwa nini jambo hilo liliniuma kuliko kufutwa kwenyewe. Nilikuwa nimejivika miwani, nimehubiri redioni, na katika wasikilizaji wangu wote wa Masama hakuna aliyeusikia wimbo hadi mwisho. Hata mimi nilikuwa nimezima sauti chini ya meza. Pengine aliyeusikiliza kweli ni yule Mfini, tena kwa sababu ya supu.

"Ubeti wa pili unaujua?" nikamuuliza.

"Kuna ubeti wa pili?"

Basi nikamwimbia. Nilikaa palepale kwenye kigoda, maganda ya ndizi miguuni, utomvu vidoleni, nikaimba wimbo wote bila ala. Sauti ilitangulia kama kawaida yake, lakini hapakuwa na wa kutangulia. Mama mkwe alisikiliza kwa namna anavyosikiliza mahubiri, macho chini, kichwa kimeinama upande mmoja. Nikamaliza. Nikasubiri.

"Ni mzuri," alisema. Akachukua ndizi nyingine. "Lakini huo ubeti wa pili unamsema mwanangu vibaya."

Ubeti wa pili unasema mume ameshuka mlimani ananuka vitunguu, mke anamkumbatia akiwa ameziba pua. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huyo mume ana mama yake mzazi.

"Ni mapenzi, mama."

"Najua ni mapenzi. Baba yake alikuwa ananuka pombe ya mbege. Lakini mimi sikumwimba."

Tukacheka wote wawili, yeye akifuta macho kwa ncha ya khanga, na tukala mtori ule bila kuzungumzia mtandao tena. Wakati ninaondoka akaniambia niende kwenye mkutano wa kikundi, nikawaimbie wale akina mama, maana walitoa hela zao za bando na hawajui walichokuwa wanakisikiliza.

Nilienda. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa, na niliogopa kuliko siku ya redio. Nilipofika kwenye vitunguu walicheka mpaka nikashindwa kuendelea. Wengi wana waume au watoto wanaopanda mlima, na kila mmoja alikuwa na harufu yake ya kuisimulia. Mmoja alisema wa kwake anashuka ananuka moshi na soksi. Wakaushika wimbo palepale, wakaugawa sauti mbili, wakaupunguza mwendo. Ukawa mzuri kuliko nilivyoutunga, na hilo nalikiri kwa shida.

Prodyuza alipousikia akasema tuurekodi upya, kama wimbo mwingine, kwa jina lingine. Wakashuka mjini wamevaa vitenge vya sare, wakajaa ndani ya kile chumba mpaka mlango ukakataa kufunga. Mwenye duka la vipuri alifunga biashara ya kujaribu pikipiki kwa heshima yao. Nilipowaeleza kwamba kila mwimbaji anastahili fungu lake kwenye kile kilichobaki baada ya wachotaji wote, waliulizana kwa Kichagga, kisha mama mkwe akatoa jibu la kikundi: wao wangependa kulipwa chakula cha mchana, siku hiyohiyo. Katika wote waliokuwa pale, ndio waliolipwa vizuri zaidi.

Wimbo ukapandishwa. Kabla hawajaondoka niliwasimamisha mlangoni nikawasihi. Mimi ndiye msanii pekee ninayemfahamu aliyewahi kuwapigia magoti mashabiki wake wasimsikilize. Mara moja moja, niliwaambia, na sauti iwe imefunguliwa, na ukiisha mzime. Mama mkwe alisema atakuwa anausikiliza Jumapili, baada ya ibada.

Mstari wangu kwenye ule ukurasa unatambaa tu siku hizi, na nimeuacha utambae. Punje zinaingia, bado hazijawa debe. Kinacholeta riziki ni mialiko. Watu walioanza kuusikia wimbo ule kwa akina mama wanataka uimbwe kwenye harusi za watoto wao, na huko malipo ni kabla ya kupanda jukwaani, hakuna chungu.

Harusi moja ilikuwa Mabogini, kwenye kiwanja kilichopakana na majaruba ya mpunga. Nilikuwa nimejishonea gauni jipya la kitenge, mabega yamesimama, kiuno kimebanwa, ujuzi wangu wote niliumalizia pale. Nilipoanza kuimba, vyura wa majarubani nao wakaanza. Spika zilikuwa za kukodi, moja ikafa katikati ya ubeti. Niliongeza sauti, vyura wakaongeza yao, mwishowe nikaacha kushindana nao nikacheza tu. Bwana mmoja kwenye meza za mbele alinirekodi mwanzo hadi mwisho na simu yake.

Kesho yake video ilikuwa imeenea mji mzima. Nilijua sitapata hata punje kwa hiyo video, nikajiandaa angalau kufurahia sifa. Nikakaa ofisini nikasoma maoni ya watu, moja baada ya jingine. Hakuna aliyezungumzia sauti yangu, maana haisikiki. Kinachosikika ni vyura. Waliuliza, karibu wote, gauni lile limeshonwa wapi.

Kabla ya mchana wateja walikuwa wamesimama mlangoni. Wa kwanza alinionyesha video kwenye simu yake, akaniuliza kama ninaweza kumshonea kama la yule mama anayecheza. Nilikuwa na tepu ya kupimia shingoni na miwani ya jua kichwani. Hakunitambua. Nikamwambia naweza, akageuka, nikaanza kumpima mabega.